Nyayo za Mtumbwi

Machage Nchagwa alikuwa mfugaji hadi alipoamua kuwa tajiri. Aliuza ng'ombe wake wote, akaingia ubia na vijana wa kutoka Geita na Shinyanga kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu, na baada ya kushuka na kupanda kamba kwa muda mrefu, duara likatoa maji. Yalikuwa maji safi, majirani waliyasifu. Vijana wakahamia machimbo mengine, naye akarudi kwa mkewe Bernadetha na sululu, kofia ya plastiki na kikohozi.

Nyanungu, alikozaliwa, aliyeuza ng'ombe wake wote hafukuzwi na mtu. Anasalimiwa vizuri, anapewa uji, kisha mazungumzo yanaendelea kana kwamba ametoka nje. Kaka yake Kisyeri, mwenye zizi linalosikika kabla halijaonekana, alikuwa akisema, "Machage hana mali," bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema fulani hana mbwa. Machage alivumilia mwaka mmoja, akahama.

Alihamia bondeni, pale mto Mara unapotanuka na kuwa kinamasi cha matete. Huko alikuta wajane, wafugaji waliofiwa na ng'ombe na wachimbaji waliochoka, wote wakiyatazama maji bila kujua la kuyafanya. Aliyejua alikuwa mmoja, Erasto, Mjaluo wa Rorya aliyekuja kuoa akabaki. Wakaunda ushirika wa wavuvi. Machage walimchagua mwenyekiti kwa sababu alikuwa na kofia.

Fundi alipowaletea mtumbwi wao wa kwanza, wanachama walitaka kuukata pembeni alama ya ukoo, kama sikio la ng'ombe, ili ujulikane ni wa nani. Erasto aliwaeleza, kwa upole wa mtu anayejizuia kutukana, mtumbwi uliokatwa hufanya nini ukifika majini. Wakaridhika kuuchoma chapa kwa chuma cha moto.

Ushirika ukashika. Mtumbwi ulitoka kwa zamu, kambare na kamongo wakaja, wanawake wakiongozwa na Bernadetha wakawakausha kwa moshi na kuwapeleka sokoni Tarime mjini. Mjane mmoja akaezeka bati. Watoto wakaenda shule na sare zenye vifungo vyote. Machage mwenyewe, ambaye zamani hakuweza kumtazama samaki usoni, sasa alimla hadi kichwa.

Lakini kila kiangazi Kisyeri alileta mifugo yake malisho ya bondeni, na kila mara alipita karibu na mtumbwi ule bila kugeuza shingo. Hakula kwa ndugu yake. Alisema nyumba inanuka. Machage alitaka kitu kimoja tu kwa mtu yule, na hakuona aibu kumwambia mkewe. Alitaka aone. Asisifu, aone tu kwamba mdogo wake naye ana kitu.

Kiangazi cha mwaka jana maji yalirudi nyuma mno, mtumbwi ukabaki juu ya tope lililokauka. Asubuhi moja Bernadetha alikwenda kuchukua wavu, akakuta mtumbwi haupo. Akapiga yowe.

Yowe kwa Wakurya lina kazi yake. Likisikika, wanaume wanatoka na marungu na mishale bila kuuliza, kwa sababu ng'ombe wameibwa, na ng'ombe wakiibwa hufuatwa nyayo. Nyayo zikiingia katika mji wa mtu, mji huo uwatoe ng'ombe, au uonyeshe walikoelekea, au ulipe. Basi muda si muda ukingo wa mto ukajaa wanaume wenye silaha.

"Ng'ombe wa rangi gani?" akauliza mzee aliyewaongoza.

"Ni mtumbwi, tata," akasema Machage, akimwita baba kwa heshima.

Wakatazamana.

"Wa rangi gani?" akauliza mzee, ambaye hakupenda kuacha utaratibu.

Erasto alisema lazima wezi wameondoka nao kwa maji, watafutwe kwenye matete huko chini. Lilikuwa wazo la mvuvi, na wafugaji wa zamani wa ushirika, waliokwisha kuamua kuwa wavuvi kamili, wote wakageukia mtoni. Walisimama wakiyakodolea macho maji yasiyo na unyayo hata mmoja. Wenye marungu ndio hawakujua njia nyingine. Waliinama chini kama walivyozoea, na mzee akawaita wavuvi kama vijana wake, "Mura, mbona mnaangalia huko? Ng'ombe wenu ameburutwa."

Kweli, kulikuwa na mburuzo mpana kuelekea kilimani, alama za kwato za maksai kandokando yake, na nyayo za mtu mmoja aliyevaa katambuga. Mtumbwi ulikuwa umeibwa kwa nchi kavu.

Wakaufuata mburuzo. Katikati ya mlima Machage akaona alama ya kwato iliyopinda, akaitambua. Maksai yule alizaliwa mikononi mwake, katika zizi la kaka yake. Akaendelea kupanda na wenzake.

Mtumbwi ulikuwa katikati ya boma la kiangazi la Kisyeri, umejaa maji, na ndama wamejipanga pande zote mbili wakinywa kwa adabu.

"Shikamoo kaka," akasema Machage, maana alilelewa.

"Marahaba. Mmeibiwa ng'ombe wangapi?" akauliza Kisyeri, tayari anatafuta rungu lake aungane nao.

Mzee akamwonyesha mtumbwi kwa kidole.

"Hiyo mbao?" Kisyeri alishangaa kwa dhati. "Mamba wananimalizia ndama mtoni. Nimekuta mbao imelala, nikaileta wanywee humo. Nani anaibiwa mbao?"

Wote wakamgeukia Machage. Angesema ni mbao, yangeisha, na kaka yake angebaki na jina lake. Ila yeye angekuwa ametamka kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba hana mali. Akisema ameibiwa, basi mtoto wa baba yake ni mwizi, na neno hilo halifutiki.

"Nimeibiwa," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Watu wanakula kwa mtumbwi huu. Kaka, umeniibia."

Mzee akauliza mji utalipa nini. Mtu mmoja nyuma akasema mbuzi anatosha kwa mbao.

Hapo ndipo Kisyeri alipobadilika sura. Kuitwa mwizi kulimuuma, lakini babu yao naye aliwahi kuleta ng'ombe wasio wake kutoka mbali, na bado anatajwa kwa sifa. Kuitwa mwizi wa kitu cha mbuzi, hapana.

"Mbuzi?" akasema. "Mmeuona vizuri mtumbwi huu?" Akauzunguka, akaupiga kofi ubavuni. "Tazameni upana wake. Tazameni mbao zilivyoshikana, hakuna tone linalotoka. Mimi, Kisyeri, niamke alfajiri na maksai wangu kwa ajili ya kitu cha mbuzi? Niliona ni mali. Ndiyo maana nikauchukua."

Akaingia zizini, akatoa mtamba mwenye mimba, akamtia ndugu yake kamba mkononi.

"Chukua, mwenye mali."

Machage akaishika kamba kwa mikono miwili. Akalia pale pale mbele ya marungu yote. Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa mtamba yule alikuwa mzuri kweli, na kila mmoja pale aliona kwamba hata yeye angelia.