Namna Sista Ngosa Alinifundisha Kungoja

Siku yangu ya kwanza ya kufagia mu kliniki ya Nchelenge, nilijikojolea mbele ya batu. Ndoo ilikuwa mu mukono, choo kilikuwa ng'ambo ya kiwanja, sikufika. Febi wa jikoni alicheka mupaka akakaa chini. Bwana Kasonde, mukubwa wa kliniki, akaniambia: "Mama, uko na miezi tatu ya kujaribiwa. Nikiona tena sakafu yangu imeloa, urudi kuuza chisense, ile samaki yako ndogo ya kuanika." Nilikuwa mujane na batoto banne. Febi na Kasonde nabataja majina kwa sababu sijasahau.

Lakini zaidi nataka mumujue Sista Ngosa, nesi wa pale kliniki. Yeye hakucheka. Alipima mukojo wangu kwanza, akaona hakuna ugonjwa mwingine. Akasema ni kibofu, ule mufuko wa mukojo, kinajikaza mbele ya wakati. Akauliza nakunywa mayi namna gani. Nikajibu kwa kujisifu: sinywi kitu mupaka jioni. Bamama wote wa samaki tulifanya vile. Mu bwato, ule mutumbwi wa kuvuka ziwa kwenda kuuza Kongo, mwanamuke akojolee wapi kati ya banaume?

"Umekianika kibofu kama chisense," akasema. "Mukojo mukali ndiyo unakichokoza. Kunywa mayi kidogo kidogo, na ile chai yako nyeusi uipunguze."

Dawa hakunipa hata moja. Alinifundisha kukaza misuli ya chini, ile inayozuia mukojo, nikiwa nafagia: kaza, hesabu tano, legeza. Haja ikija, nisikimbie. Nisimame, nikaze, ningoje ipite, kisha nitembee kama mutu anaenda kanisani. Kila juma aliniongezea dakika za kungoja. Juma za kwanza nililoa bado, nikamutukana mu moyo. Yeye alinipa chitenge yake kavu: "Tuanze tena, mama."

Miezi tatu ikaisha. Kasonde akaniita mu ofisi, akasoma makaratasi yake pole pole, kusudi. Haja ikanishika. Nikakaza, nikahesabu. Ikapita. Mbele ya kuniangalia uso, aliangalia sakafu. Ilikuwa kavu. Akasema basi, kazi ni yako.

Nilifagia pale miaka mingi, na bamama ba bwato nilibafundisha nami. Sasa magoti yamekataa, nimeacha. Kasonde alipoenda pensheni walimuchinjia mbuzi. Sista alipohamishwa, hakuna hata aliyemuaga. Miye peke yangu nilimusindikiza mu basi mupaka Mansa, mwendo wa saa nyingi. Safari yote, sikumwomba dereva asimame.