Mama Anyesi na Fomu ya Chini

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalinipata mimi, Likasi, saa sita mchana, bila hata tone la pombe kinywani. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua karibu na soko. Baada ya kumaliza sekondari Mulungwishi nilijifundisha mwenyewe kutengeneza kurasa za intaneti, kwa hiyo kamati ya nyumba za wastaafu mtaani kwetu ilipotaka ukurasa wake, kazi nilipewa mimi. Ukurasa ulikuwa mmoja, fomu mbili. Ya juu ilikuwa ya kutangaza kifo cha mwenye nyumba, ili nyumba ipewe familia nyingine. Ya chini ilikuwa ya mwenye nyumba kuthibitisha kila mwaka kwamba bado yu hai.

Kila fomu ilikuwa na kitufe chake. Lakini kwa ndani, vitufe vyote viwili nilivipa jina moja. Ukibonyeza cha chini, programu haikujua umetoka fomu ipi; ilichukulia tu ile ya juu. Ni kosa dogo, la mtu asiye na mwalimu.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Anyesi, mjane wa fundi wa kiwandani, ambaye utotoni alinipa mandazi mara nyingi kuliko mama yangu. Nilimjazia fomu ya chini, nikabonyeza, akaenda zake akiimba. Wiki iliyofuata kamati ilisoma orodha, ikaona amekufa, ikaitoa nyumba yake. Unajua ilimpa nani? Yaya yangu, kaka yangu mkubwa Dezire, aliyekuwa akilala na watoto watano katika chumba kimoja.

Siku ileile niliona kosa. Nilirekebisha, kila kitufe kikapata jina lake. Lakini jina la Mama Anyesi sikuligusa. Yaya alikuwa ameshaingiza vitanda.

Mama alikuja kibandani mara tatu.

"Mutoto yangu, miye niko muzima. Juu ya nini unaniandika nilikufa?"

"Mama, ni mashini."

"Ni mashini?" Wateja wote walikuwa wakisikia. "Basi uiambie ikuye inishike mukono, isikie kama niko na moto!"

Watu walicheka. Nami nilicheka. Hicho kicheko ndicho ninachokijutia kuliko vyote.

Alikwenda kukaa kwa ndugu zake upande wa Buluo. Mvua zilipoanza tukasikia amefariki. Kwenye kilio sikwenda.

Alhamisi moja baadaye, mvua ilikuwa kubwa na umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Kompyuta yangu haikuwa na betri. Ilikuwa kisanduku tu. Nilikuwa natazama maji barabarani pale kioo kilipowaka chenyewe nyuma yangu. Nikageuka. Mama Anyesi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, goti lake karibu na goti langu. Kitenge chake kilikuwa kikavu kabisa. Katika mvua ile!

"Fungua ile paji yako," alisema.

Ukurasa ulikuwa tayari umefunguka.

"Fomu ya chini. Andika."

"Niandike jina gani, mama?"

Alitaja jina langu. Lote, mpaka lile nililopewa na nyanya yangu, ambalo sijawahi kuliandika kwenye karatasi yoyote. Vidole vyangu viliandika, mimi sikuviagiza.

"Sasa finya. Unaogopa nini? Weye si ulisha kutengeneza?"

Nilibonyeza kitufe cha chini. Naapa, cha chini. Kioo kikajibu kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe kwa ajili ya fomu ya juu: *Poleni kwa msiba. Kifo kimeandikwa.*

"Mama, nihurumie."

"Ah, mutoto yangu. Ni mashini."

Kisha alinishika mkono. Nilitarajia baridi. Mkono wake ulikuwa na moto kama wa mtu aliyetoka jikoni. Uliokuwa baridi ni wangu. Aliuachia, akatoka nje kwenye mvua, na kioo kikazimika.

Kesho yake nilifuta kifo chake kwenye orodha, nikaungama mbele ya kamati. Yaya alitoka, binti wa Mama Anyesi akaingia, na yaya hajasema nami tena. Kifo changu nacho nilikifuta, kikarudi chenyewe. Programu niliisoma mstari kwa mstari, haina kosa. Na bado kwenye orodha ile yeye, aliyezikwa Buluo, yu hai. Mimi ni marehemu.

Si orodha ile tu. Kolwezi walikataa kuniandikia laini ya simu. Kasumbalesa, mpakani, afisa alisoma kioo chake, akanitazama, akaita mwenzake. Kila mji nakaa miezi michache tu, na kila siku natamani harufu ya vumbi la Likasi. Kila mwaka naingia mahali penye kompyuta, najaza fomu ya chini, nabonyeza. Wananipa pole kwa msiba.

Wewe unayetengeneza kurasa, vipe vitufe vyako majina tofauti. Lakini si hilo ninalokuonya. Kama umeona jina la mtu limeandikwa vibaya na wewe unaweza kulifuta, lifute leo, mkono wake ukiwa bado na moto. Mimi sasa, nikimsalimia mtu, anaurudisha mkono wake haraka, anaupangusa kwenye suruali, na hajui kwa nini.