Kewal Aliyekosa Kijiji

Kewal alikuwa fundi wa reli Nakuru, na fundi wa reli si mtu wa kupotea njia. Lakini mwaka 1974 alipotea, tena akiwa amekaa mahali pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa nikipokea barua zake.

Mimi ni Kerubo, mtu wa Kisii, muuguzi. Nilifika Birmingham mwaka 1969 kusomea kazi hiyo, na kwa miezi mitatu sikusikia neno la Kiswahili. Siku moja nilikuwa dukani mtaa wa Acocks Green nikinunua mboga, nikasikia mwanamke nyuma yangu akijisemea, "Hii si ndizi, hii ni mzaha." Nikageuka. Alikuwa Mhindi mfupi aliyevaa koti la mwanamume juu ya sari. Nikamwambia, "Mama, hata za jana zilikuwa hivyo hivyo." Alinishika mkono akanipeleka kwake bila kuuliza kama nina nafasi.

Huyo ndiye Vidya, mke wa Kewal. Walikuwa wamekuja Februari 1968, wakati Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walipokuwa wakikimbilia ndege kabla mlango haujafungwa. Vidya hakutaka kuja, na hakuficha. "Nilimwambia huyu, wacha tukae, tutachukua uraia, tutakula sukuma wiki yetu," alisema mbele ya mumewe. "Yeye akasema twende." Kewal alitazama kikombe chake.

Hawakuwa na mtoto. Kila Jumapili nilikula kwao, na Vidya akaanza kuniita dada mdogo. Akanipa sufuria ya shaba iliyokuwa ya mama mkwe wake, nzito, nyeusi tii upande wa chini kwa masizi ya Nakuru. "Ugali haupikwi kwa sufuria nyepesi za hapa," alisema. "Chukua. Lakini usiniletee ugali wenye madonge."

Kifua kilimshika majira ya baridi, akafa Januari 1971. Mimi muuguzi nilijua mapema kuliko mumewe, nikanyamaza, na bado naona aibu. Walimchoma kwa desturi yao, na Kewal akapewa majivu ndani ya chombo cha plastiki cha kahawia chenye kifuniko cha kuzungusha. Alikiweka kabatini, katikati ya shali za mkewe.

Tangu hapo mtu yule akaanza kuharibika. Kiwandani alikoajiriwa alikwenda, lakini akirudi alipika chai ya watu wawili, akakaa kuitazama mpaka ipoe. Na kila Jumapili aliniuliza swali lile lile: "Kerubo, angebaki Nakuru angekufa?"

Nilimjibu kila jibu ninalolijua. Nilimwambia kifua hakichagui nchi. Nilimwambia Mungu ndiye ajuaye. Daktari alimpa vidonge, vikamfanya aulize swali lile lile polepole zaidi. Nilimhurumia, nikamkasirikia, nikamhurumia tena. Hayo yaliendelea miaka mitatu, na mimi mwenyewe nikaanza kulala nikijiuliza swali ambalo si langu.

Mwishowe wenzake wa dini walimwambia majivu hayakai kabatini. Yapelekwe Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu kule India ambako mto Ganga unatoka milimani na kuingia nchi tambarare. Akaomba likizo ya wiki tatu, akaniachia funguo za nyumba, akaondoka Februari 1974 na chombo chake kimefungwa ndani ya shali.

Wiki tatu zikapita, zikawa nane. Barua ilikuja Aprili, kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kujaza fomu, na Kipanjabi mimi ningekifanyia nini? Alieleza kwamba makuhani wa kule huitwa panda, na kila panda ana vitabu virefu vya koo, vilivyoandikwa tangu zama za mababu. Ukileta majivu ya mtu wako, panda anakuuliza kijiji chenu, anafungua kitabu, anakusomea babu zako mmoja mmoja, kisha anamwandika marehemu chini yao.

"Aliniuliza kijiji," aliandika. "Nikasema Nakuru. Akasema hana kijiji hicho. Nikasema basi Birmingham. Akacheka, akasema anauliza kijiji cha babu yangu. Kerubo, sikijui. Baba alisema tu sisi ni watu wa Panjabi, akafa na hayo. Panda akaniambia nimwage tu majivu, mto haukatai mtu. Lakini nimeona wengine wanavyosomewa watu wao mpaka wanalia. Vidya ataandikwa chini ya nani? Nilishamtoa mahali alipojulikana nikampeleka asipojulikana. Sitamfanyia hivyo mara ya pili. Tafuta kwa sanduku langu karatasi yoyote ya zamani."

Nilipekua sanduku lote. Nilipata vyeti vya reli, picha ya harusi, na barua ya kuagana na klabu ya mpira wa magongo ya Nakuru. Nikamwandikia: hakuna kitu, mwaga urudi. Hakurudi. Kiwanda kikampa mtu mwingine kazi yake.

Nami sikuelewa, nakiri. Mimi ni Msabato. Kanisani kwetu tunafundishwa kwamba aliyekufa amelala tu, hajui lolote, hangoji babu wala bibi wa kumpokea. Sasa mtu mzima, fundi, anakaa bara jingine kwa ajili ya ukurasa? Nilikwenda kwake kila wiki kufungua madirisha, nikimlaumu njia nzima. Halafu nikifika mlangoni nilijikuta nasema, "Vidya, hodi," kabla sijaingiza ufunguo. Hilo nalo sikulielewa.

Barua ya pili ilikuja Agosti. Alikuwa akilala kwenye nyumba ya mahujaji. "Maji ya hapa si kama ya ziwa letu, yanavuta kwa nguvu. Kwenye ngazi za mtoni wamefunga minyororo ili watu washike wakioga. Nilikuta mmoja umelegea, nikaazima nyundo. Sasa kila asubuhi napita na spana. Jana bibi mmoja mzee alishika mnyororo nilioukaza, akajizamisha mara tatu, akatoka salama. Chombo cha Vidya kiko kando ya kitanda. Nalala vizuri."

Nilisoma barua ile mara mbili nikitafuta lile swali la Jumapili. Halikuwamo. Badala ya kufurahi nilikasirika. Miaka mitatu ya vidonge, miaka mitatu ya maneno yangu matamu, na mtu anapona kwa kukaza nati! Au hakupona, ila amerukwa na akili kimyakimya? Ningekuwa na mgonjwa wa namna hiyo wodini nisingejua niandike nini kwenye chati yake.

Ijumaa moja ya Oktoba nilikuwa nikijitayarisha kwa Sabato. Ijumaa kwetu ni siku ya kupika na kusugua vyombo, ili Jumamosi mtu asifanye kazi. Mimi husugua kwa majivu kama mama alivyonifundisha, na majivu yalikuwa tele kwenye tanuri ya makaa ya mama mwenye nyumba. Sufuria ya Vidya niliisugua ndani siku zote, lakini yale masizi ya chini sikuwa nimeyagusa. Niliyaona kuwa ni yake. Siku hiyo, kwa ile hasira yangu kwa Kewal, niliigeuza nikaisugua mpaka mabega yakaniuma. Chini ya masizi nikaona vitone vilivyogongwa kwa msumari, vimepangwa mstari, maandishi nisiyoyajua.

Niliifunga kwa gazeti nikaingia nayo kwenye basi la mjini, ambako kondakta alikuwa Gurmeet, Kalasinga wa Kisumu. Aliigeuza mikononi, abiria wakimngoja.

"Hii ni maandishi yetu," alisema. "Ya mama fulani, wife wa fulani, wa Kot Rattan. Zamani kila mtu alikuwa anaandika vyombo yake, ikiazimwa kwa harusi irudi."

"Kot Rattan ni nini?"

"Kijiji, dada. What else? Shika, unanichelewesha."

Nilikaa kwenye kiti cha basi na sufuria mapajani. Miaka minne nilikuwa nikipikia ugali juu ya kitu alichokuwa akikitafuta. Niliweka karatasi juu ya maandishi, nikayapaka kwa penseli mpaka yakatokea, nikatuma siku ile ile.

Jibu lilifika Desemba, fupi. "Kitabu cha Kot Rattan kilikuwa nyumba ya pili kutoka pale ninapolala. Baba alikuja hapa mwaka 1938 na majivu ya mama. Hakuniambia hata siku moja. Ameandika kwa mkono wake: mwanangu Kewal, miaka minne, yuko Nakuru. Kerubo, nilikuwa nimeandikwa. Nakuja."

Nilimpokea kituo cha mabasi cha Digbeth, Januari 1975. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nilikuwa na maneno ya miezi kumi na moja. Alishuka amekonda, vidole vimejaa mafuta ya mashine, ile shali mabegani.

"Umeyamwaga?" nikamuuliza.

"Nimeyamwaga. Nilishika mnyororo kwa mkono mmoja."

"Na lile swali lako?"

"Lipo," alisema. "Bado sijui kama angekufa. Lakini sasa najua amelala wapi." Akakaza shali mabegani. "Panda aliniuliza, marehemu ameacha nani? Nikamwambia, mimi, na dada yake mdogo. Akaandika."

"Dada gani? Vidya hakuwa na dada."

"Kerubo, wa Kisii."

Nilisimama na mkoba wake mkononi. Nilifikiria mchungaji wangu, nikafikiria mama yangu kule nyumbani akisikia jina la binti yake limo ndani ya kitabu cha kuhani wa Kihindu kando ya mto.

"Kewal, mimi ni Msabato."

"Nilimwambia. Akauliza hicho ni kijiji cha wilaya gani."

Nililia palepale kituoni, na kama ni kwa hasira au kwa nini, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba sijamwomba Kewal jina langu lifutwe.

Tulipofika kwake nilipika ugali kwa sufuria ile, niliyokuwa nimeileta asubuhi. Kewal alimega, akatafuna, akatazama sahani.

"Una madonge," alisema. "Dada yako angekurudishia."

Na mimi, ninayeamini kwamba wafu wamelala hawajui lolote, nikamwambia, "Anatusikia. Nyamaza ule."