Mguu wa Baba Ukutani

Baba yangu alikuwa mkata chumvi wa ziwa la chumvi la Katwe, na katika maisha yake yote kitu chake kimoja tu ndicho kilichopata kuwekwa kwenye makumbusho: mguu wake. Mjapani mmoja aliupaka wino mweusi, akaukanyagisha kwenye karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, akaondoka na karatasi ile. Kidole kidogo hakikuwapo. Baba alikikata mwenyewe kwa mtaimbo siku moja akivunja mwamba wa chumvi ziwani, na alikuwa akitwambia watoto kwamba kamba­le alikila na akafa kwa chumvi.

Mjapani huyo alikuja mwanzoni mwa miaka ya sabini, jeshi likiwa tayari limeshika nchi. Alikuwa msanii. Sisi tulimwita Mchina, na hakuchoka kutusahihisha, nasi hatukuchoka kumwita Mchina. Alikwenda Katwe akiwa na brashi pana na kopo la wino, akakaa siku nyingi juani akiwaomba wakata chumvi wamkanyagie karatasi. Alisema hajapata kuona miguu kama ile, iliyoliwa na magadi mpaka nyufa zake zinapitisha senti. Kila aliyekubali alipewa kipande cha sabuni. Wengi walikubali, maana sabuni ilikuwa imeanza kuadimika madukani.

Kwetu lakini unyayo hauchezewi. Mwenye nia mbaya huchota udongo ulioukanyaga, akaufunga kwenye jani la mgomba na kuutundika juu ya moshi jikoni. Udongo ukikauka, nawe unakauka. Mama, aliyezaliwa Mahango huko mlimani, alifundishwa tangu mdogo kuburuta tawi nyuma yake akipita uani kwa watu asiowaamini, ili kufuta alama. Basi baba aliporudi nyumbani kwetu Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, wino umejaa kwenye nyufa za mguu, sabuni mkononi, mama aliitazama ile sabuni kana kwamba ni panya aliyekufa.

"Umempa mtu usiyemjua unyayo wako?" aliuliza. Nyumbani tulisema Kikonzo.

"Mguu wangu utafika Japani kabla yangu," baba akacheka. "Bakini na uchawi wenu."

Jioni ile mama alimpikia maharage bila chumvi, na katika nyumba ya mkata chumvi hilo ni tusi. Baba aliyala yote. Sabuni haikutumiwa, mama aliizika nyuma ya choo.

Mvua za msimu uliofuata zilikuwa bado hazijakatika baba alipokamatwa. Alikuwa akipeleka chumvi mpakani kuwauzia Wakongo, kama alivyofanya miaka yote, ila sasa kazi ile ile ilikuwa imepewa jina la magendo. Habari tuliletewa na jirani yetu, mama mmoja mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Kongo. Aliingia bila kubisha hodi, rozari bado iko mkononi.

"Mama, basoda bamemukamata bwana yako ku barrière. Bamemupandisha mu camion. Niliita, hakugeuka. Chumvi yake beko nayo."

Mama alikwenda kwenye kambi ya jeshi kesho yake, na kesho yake tena. Kila mara askari wa getini alimwambia neno moja: "Hapa hakuna mutu kama huyo. Kwenda!" Wake wa askari waliokuwa wakifua nguo kando ya ua walimtazama, wakainamisha vichwa. Naamini walikuwa wakijua. Nilikuwa nimemshika mama gauni, na mpaka leo nikiona nguo za kijani zimeanikwa kwenye kamba nabadili njia.

Nyumba ilikaa hivyo zaidi ya mwaka. Ndugu za baba walishuka kutoka mlimani wakasema wakati umefika. Mtu asiporudi na mwili usipoonekana, kwetu hukatwa mgomba kwa kimo chake, ukafungwa shuka, ukazikwa, watu wakalia wakanyoa nywele. Mama aliwafukuza. Alisema hawezi kuzika ndizi wakati mume wake yuko mahali fulani anakula au hali.

Ndipo jirani yetu wa Butembo aliporudi kutoka Kasese, alikokwenda kuuza vitenge, akasema ameona miguu ya watu wa Katwe imetundikwa ukutani.

Mama alikuwa akipepeta mtama. Aliuweka chini ungo taratibu sana. "Imetundikwa?" aliuliza.

"Imetundikwa, mama. Na misumari."

Tangu hapo jambo lote lilikuwa wazi kwake, na kwangu pia, maana nilikuwa na miaka tisa na nilimwamini mama kuliko Mungu. Mtu hawezi kurudi nyumbani ikiwa mguu wake umepigiliwa misumari. Dawa ilikuwa moja: unyayo ung'olewe ukutani, uoshwe katika maji yanayotembea, na mwenyewe aitwe kwa jina. Wanajeshi, lori, kizuizi alichokiita jirani barrière, hayo yote yalikuwa mambo ya juu juu tu. Nasikia watu wakitucheka. Na wacheke. Kambini tulikwisha kwenda.

Makumbusho ya Kasese yalikuwa ghala la zamani la pamba, chumba kimoja chenye madirisha ya juu. Siku za kawaida kulikuwa na ngoma, mikuki, fuvu la nyati na jiwe la shaba. Siku tuliyofika vyote vilikuwa vimesukumiwa pembeni na kuta zimejaa nyayo nyeusi, kila mmoja kwenye karatasi yake. Makarani waliovaa tai walizunguka mikono nyuma. Watu wa Katwe ndio waliokuwa wakipiga kelele. "Huu wa yule mlevi, ona ulivyoelekea pembeni!" "Na huu mnene ni wa shemeji!" Mmoja alipouona wa kwake aliacha kucheka, akatoka nje, akavua kiatu kuhakikisha.

Wa baba ulikuwa karibu na dirisha. Niliujua kabla mama hajaniambia. Kila ufa ulikuwapo, na kisigino chake kipana, na pale kwenye kidole kidogo karatasi ilikuwa nyeupe tupu. Sikuwa nimeona kitu chochote cha mwili wa baba kwa muda mrefu hivyo. Nilitaka kuugusa na niliogopa.

Mama hakuogopa. Alimwendea Mjapani moja kwa moja.

"Muzee, hii mguu ni ya bwana yangu. Nipe."

"Bwana yako iko wapi, mama? Mimi nakumbuka yeye. Yeye nacheka sana."

"Hayuko. Jeshi ilibeba yeye. Sasa anataka kurudi, na mguu iko hapa."

Msimamizi wa makumbusho alikuja mbio kusema kwamba vitu vya maonyesho haviondolewi. Mjapani alitoa misumari yeye mwenyewe, polepole, akaikunja karatasi kuwa bomba, akampa mama kwa mikono miwili na kuinama kama tunavyowainamia wakwe. Mama akasema ataiosha mtoni.

"Maji hapana, mama," alisema. Uso ulikuwa umembadilika. "Hii wino haogopi maji. Karatasi ndiyo naogopa. Weka tu. Angalia tu."

Mama alimshukuru, tukaondoka.

Njiani kurudi Bwera tulishushwa kwenye kizuizi. Afande mmoja kijana alilikunjua lile bomba juu ya boneti ya gari.

"Hii ni nini?"

"Mguu ya bwana yangu, afande."

Akacheka, akawaita wenzake. "Mguu! Na mutu yake iko wapi?"

"Hiyo ndiyo nauliza nyinyi," mama akasema.

Abiria wote waliangalia chini. Nilidhani ndiyo mwisho wetu. Afande aliitazama karatasi, akamtazama mama, akaikunja vibaya na kumrudishia. "Pita," alisema, bila kupaza sauti.

Asubuhi iliyofuata tulishuka mpaka mto Lhubiriha, kwenye kina kifupi ambapo wanawake wa pande zote mbili za mpaka hufulia. Ng'ambo ilikuwa Kongo. Mama aliingia mpaka magotini, akaitandaza karatasi juu ya maji, akaanza kuisugua kwa kiganja huku akimwita baba kwa jina lake la kuzaliwa, lile ambalo mke hapaswi kulitamka. Wino haukutoka. Mjapani alisema kweli. Karatasi ndiyo iliyolegea, ikapasuka kwanza kwenye kisigino, kisha vipande vyeusi vikaachana na kuteremka na maji, na mama akazidi kusugua kilichobaki mpaka akawa anasugua viganja vyake vitupu. Wafuaji walikuwa wameacha kufua. Mmoja alisema mfa maji haachi kutapatapa. Hakusema kwa ubaya, ila sijamsamehe.

Tulirudi nyumbani mama akafagia uani, akachota maji ya kuoga ya mtu mzima. Alichota kila jioni kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa miaka ile ya sabini jeshi lilikimbia na magereza yakafunguliwa. Watu kadhaa walirudi Bwera, wamekonda, hawataki kuulizwa. Mama aliwauliza wote. Ndipo ndugu za baba waliposhuka tena, na safari hii hakuwafukuza. Wakakata mgomba kwa kimo chake, wakaulaza uani juu ya shuka. Waliomba kitu chochote cha marehemu cha kufungia ndani, hatukuwa nacho; nguo zake tulikwisha kuzivaa zikaisha.

Mama akaomba kisu. Alisema hawezi kuzika mgomba wa mtu yeyote tu, ataukata pale mwishoni, pahali pa kidole kilichokosekana, ili awe yeye. Akapiga magoti na kisu kikasimama hewani.

"Kilikuwa mguu upi?" aliuliza.

Baba mdogo alisema wa kulia. Shangazi akasema wa kushoto, ana hakika. Wakaanza kubishana. Mama akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekaa na ile karatasi mapajani njia nzima kutoka Kasese, nikiichungulia kwenye ncha ya bomba. Nilifumba macho nikauona weusi, nikauona ule weupe mdogo pembeni, lakini kila nilipojaribu kuushika upande wake, ukahama.

"Kushoto," nilisema, kwa sababu alikuwa akingoja.

Akakata. Tukauzika.