Kambare Hawakufa

Niliamini, kwa moyo wangu wote na nusu ya moyo wa jirani, kwamba samaki wa mto wetu walikufa kwa kula sabuni. Si sabuni ya mtu aliyekwenda kufua. Sabuni ya magendo, katoni arobaini, iliyomwagwa mtoni usiku na mwenye duka mmoja wa Bagara aliyekuwa akiukimbia msako wa walanguzi. Nilipoisimulia mimi mara ya pili, katoni zilikuwa themanini. Mara ya tatu kulikuwa na punda sita wa kuzibeba.

Ambaye hakuishi Babati miaka ile ataniona mzushi. Mzushi ni kweli, lakini kuhusu shida ya wakati huo sina cha kuongeza. Ilikuwa imeshajiongeza yenyewe. Tulipanga foleni bila kujua ya nini. Ukiona migongo ya watu, unasimama nyuma ya mgongo wa mwisho, ukifika mbele ndiyo unajua kama ni sukari, chumvi au msiba. Mche wa sabuni ukiletwa ulikatwa vipande vidogo, na kipande kikifika nyumbani kililindwa kuliko kuku. Tulifulia majivu. Tulifulia majani ya mpapai yaliyopondwa. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga, ila mashine ilikuwa haina dizeli, kwa hiyo kutwa nzima nilikaa mlangoni nikisaga maneno.

Jioni nilikwenda kusoma. Darasa letu la watu wazima lilikuwa katika shule ya msingi, na madawati yalitubana magoti mpaka yakatuachia alama. Shida yangu kubwa haikuwa hesabu, ilikuwa mafuta ya taa. Nikirudi nyumbani siwezi kusoma gizani. Aliyeniokoa ni yule yule mwenye duka. Alikuwa mtu mzima, Mwislamu, baba yake alitoka pwani zamani akaoa huku huku. Rafu za duka lake zilikuwa na majani ya chai, misumari na vumbi. Lakini nikipita na kichupa changu aliingia ndani, akarudi kimejaa.

"Shikamoo, mzee. Ahsante sana, mzee."

"Marahaba. Soma, kijana. Ukimaliza uje unisomee karatasi za ushuru, macho yangu yamechoka kuogopa."

Sikuwahi kumuuliza mafuta anayapata wapi. Mtu anayepewa haulizi.

Mto wenyewe ulipita nyuma ya duka lake kabla ya kuteremka ziwani. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu, na mto ulikatika ukawa vidimbwi, kimoja hapa, kingine kule, katikati mchanga mtupu. Perege waliokuwa wamepanda kutoka ziwani wakati wa mvua walinaswa humo, wamebanana kama sisi kwenye foleni. Ng'ombe wa vijiji vya Singe na Mutuka waliletwa kunywa pale pale, wakaacha walichoacha. Maji yakawa mazito na ya kijani kama mlenda. Kambare walikuwa chini, kwenye tope, hata huwaoni.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Ilikuja mchana kwa kishindo, ikasomba majivu ya mashamba yaliyochomwa, samadi na majani makavu, ikavikoroga vyote vidimbwini, ikakata. Alfajiri yake nilishuka kuchota maji na ndoo. Perege wote walikuwa juu, pua kwa pua, wakipiga midomo hewani. Pah, pah, pah. Ungedhani wanataka kuniambia jambo. Povu jeupe lenye rangi ya kahawia pembeni lilikuwa limejaa kwenye mizizi ya matete, hadi kiunoni. Basi, hadi magotini. Jua lilipopanda wakaanza kugeuka mmoja mmoja, matumbo juu.

Kambare nao walikuwepo. Walikuja juu taratibu, wakagwia hewa kidogo, wakazama tena kwenye tope lao kama wenye nyumba. Niliwaona. Nataka ikumbukwe kwamba niliwaona.

Mji mzima ulishuka mtoni na mabeseni. Mtu mwenye njaa haulizi samaki amekufa kwa nini. Na ni hapo, huku watu wakizoa, mama mmoja aliponusa kiganja chake akasema, "Jamani, hili povu ni sabuni." Mwingine akadakia, "Sabuni ya nani, mbona sisi hatuna?" Macho yote yakapanda ukingoni. Juu ya ukingo ulikuwepo ukuta wa nyuma wa duka, basi.

Kufikia saa sita samaki walikuwa wamejifua mpaka wamekufa. Usicheke. Saa nane akina mama walirudi na nguo chafu kufulia kwenye lile povu la bure. Mimi mwenyewe nilipeleka shuka. Ilitoka mtoni chafu kuliko ilivyoingia, inanuka zizi, nikasema hii lazima ni sabuni ya zamani, imechuja. Usiku tulipika wale perege kwa chumvi ya kuomba. Nilikula wanne, nikaapa mbele ya mama yangu kwamba nimesikia ladha ya sabuni kooni.

Mama akatafuna, akameza. "Mimi nasikia tope," akasema.

Siku ya tatu wakuu wa msako walifika na gari, tukaitwa uwanjani mbele ya ofisi ya kata. Mwenye duka alikuwa amesimamishwa kando ya gari katikati ya mgambo wawili, kofia yake mkononi. Mkewe alikaa chini karibu na gurudumu. Mkuu mmoja akauliza kama kuna mwananchi aliyeona chochote. Watu wakaangalia miguu yao. Kunong'ona ni kitu kimoja, kusimama ni kingine.

Nikasimama mimi.

Nieleze kwa nini? Nilikuwa kijana mcheshi, uwanja umejaa, na hakuna mtu aliyewahi kuniomba niseme mbele ya watu wengi namna ile. Nikasema nimeona povu kwa macho yangu haya mawili, na hilo lilikuwa kweli. Nikasema usiku nilisikia vishindo vya maboksi yakidondoka majini, na usiku huo nilikuwa nimelala fofofo. Mkuu akauliza nina uhakika gani kwamba huyu mtu ana mali iliyofichwa. Nikatafuta la kusema, nikalipata.

"Mbona mafuta ya taa anayo?" nikasema. "Mji mzima uko gizani, mimi ananijazia kichupa."

Uwanja ukaguna. Mwenye duka akanitazama. Sikuona hasira usoni pake, alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka amenionea wapi. Kisha akamgeukia mkuu.

"Mheshimiwa, kama nimemwaga sabuni, kambare mbona hawajafa?"

Swali lilikuwa limenyooka kama rula. Palihitajika mtu mmoja tu wa kulifikiri. Badala yake nikalijibu mimi.

"Kambare ana ndevu, mzee!" nikapaza sauti. "Yeye sabuni anayo ya kunyolea!"

Wakacheka. Walicheka mgambo, akacheka mkuu, walicheka watu ambao hawakuwa wamecheka tangu mavuno ya mwisho. Katika maisha yangu nimechekesha watu mara elfu kumi, lakini sijapata tena kicheko kikubwa namna ile. Kilipokwisha, mwenye duka alikuwa ameshapandishwa garini. Dukani walikuta miche minne ya sabuni na debe la mafuta ya taa lisilofika nusu, wakasema inatosha.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekwisha kusikia. Aliuliza swali moja, "Ulisikia maboksi?"

"Nimesema wanavyosema watu."

Alitwaa ile shuka yangu akaenda kuisuuza tena kwa majivu.

Mlango wa duka ulipigiliwa mbao kwa misumari ya dukani humo humo. Mkewe alianza kuuza maandazi yasiyo na sukari barazani, na mimi nikaanza kupita njia ya nyuma kwenda darasani. Usiku nilikuwa siwezi kusoma kwa kukosa mafuta. Mwaka uliofuata, mvua ya kwanza iliponyesha, perege wa vidimbwini walikufa tena, na povu likajaa tena kwenye matete. Duka limefungwa, mwenyewe yuko kifungoni. Hilo nalo tulilipatia jibu. Tukasema sabuni ya mwaka jana ilikuwa imelala matopeni, mvua imeikoroga. Nadhani jibu hilo lilitoka kwangu.

Alirudi baada ya masika mawili. Hakuna aliyetuambia kama amesamehewa au wamemchoka. Miguu ilikuwa imevimba, na kikohozi chake ulikisikia kabla hujaiona baraza. Siku moja njia ya nyuma ilijaa maji, ikabidi nipite mbele. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo kwenye zile mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akakohoa, akasubiri pumzi irudi. "Ni wewe? Unasoma bado?"

"Nasoma, mzee."

"Kibatari kinawaka?"

Nikasema kinawaka. Ulikuwa uongo mdogo kuliko ule mwingine, lakini ulinitoka kwa shida zaidi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akafumba macho, nikaondoka. Alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Nilipokezana na wengine kubeba jeneza, hatua kama thelathini. Hapa siongezi. Mkewe alisimama mlangoni wanaume wakiondoka, na nilipopita aliangalia jeneza tu, hakuniangalia mimi.

Mwezi uliofuata darasa letu lilifika kwenye samaki. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa mama wa makamo kutoka milima ya Mbulu, mtu wa maneno machache, aliyefundisha watoto asubuhi na sisi jioni. Alikuja na perege na kambare kutoka ziwani, wamefungwa kwenye jani la mgomba, akawaweka juu ya meza, akakata vichwa kwa kisu cha jikoni. Akatuonyesha matamvua ya perege, mekundu, yamepangana kama kurasa. Akasema huyu huchuja hewa iliyo ndani ya maji, hana njia nyingine ya maana. Kisha akafunua kichwa cha kambare. Juu ya matamvua palikuwa na kitu kama kimti kidogo chekundu chenye matawi mengi.

"Na hiki ndicho anachopumulia hewa ya juu, kama wewe," alisema. "Maji yakioza, akija juu akagwia mara moja, anarudi zake chini."

Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi kalamu ilikuwa imesimama. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kuna mwaka perege walikufa mtoni. Mvua ya kwanza. Povu lilijaa, tukaambiwa mtu amemwaga sabuni."

"Walikuwa juu, wanapiga midomo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Alfajiri?"

"Alfajiri."

"Povu la mvua ya kwanza ni samadi na majani yaliyooza. Hutokea kila mwaka mto ukiwa umekauka." Alifuta kisu kwenye jani la mgomba, upande huu, kisha upande ule. "Kambare walikufa?"

"Hapana, mwalimu."

"Sabuni ingemuua na kambare. Hapakuwa na sabuni, bwana. Maji yaliishiwa hewa."