Redio ya Kikwe na Tangazo Lililopita

Kiwanda chetu cha redio kilipofungwa, sisi tuliopunguzwa tulitawanyika, kila mtu na lake. Wengine walirudi shambani, wengine wakaingia kwenye mitumba. Mimi nilipata kazi ya kufundisha elektroniki kwenye chuo kidogo cha ufundi pale Kimandolu, nikaenda na boksi la transista zilizobaki na hasira zangu zote. Zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zikiingia bila kizuizi. Maduka ya mjini yalijaa redio za Dubai zenye taa za rangi, na mwanafunzi aliyeniletea mojawapo nilimwambia airudishe alikoitoa. Ukiifungua unakuta tone jeusi la gundi limefunika kila kitu, na mimi sikuajiriwa kufundisha gundi.

Nilifundisha kwa maji. Wanafunzi wangu wengi walitoka kwenye mashamba ya chini ya Mlima Meru, wamekua wakigombania zamu za mfereji, kwa hiyo sikuwa na haja ya kutafuta mfano mbali. Transista, niliwaambia, ni lango la mfereji. Maji mengi yanasubiri upande wa juu. Mtoto akiinua kibao kwa mkono mmoja, shamba zima linalowa. Mkono wa mtoto ni ule umeme kidogo unaoingia kwenye beisi, mguu wa kufungulia. Kisha niliwaagiza walowanishe kidole kwa mate na kugusa miguu miwili ya transista iliyofungwa kwenye mita, waone mshale unavyonyanyuka. Walipenda sana kuona miili yao ikifungua lango, na darasa lilichelewa kutoka siku hiyo.

Humo darasani kulikuwa na binti wa kijiji cha Kikwe, mkimya, mwenye mkono mtulivu kwenye kulehemu. Siku ya somo la kapasita nilijaza umeme kwenye kapasita kubwa, nikaichomoa, nikaiacha mezani huku nikisimulia habari nyingine, halafu nikaigusisha miguu kwa bisibisi. Cheche iliruka na walio mbele wakarudi nyuma. Nikasema, mnaona, ilikuwa imeutunza. Yule binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na sauti je? Redio ikifa ghafla, sauti iliyokuwa inakuja inaweza kubaki humo ndani?"

Darasa liliangua kicheko, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilimjibu kwamba ingekuwa hivyo, redio yangu ya zamani ingekuwa bado inatangaza bei ya kahawa ya mwaka niliooa. Yeye hakucheka, aliketi tu.

Wiki iliyofuata alikuja na redio iliyofungwa kwenye kanga, akaomba iwe kazi yake ya mwisho wa mwaka. Nilipoifungua kanga nilifurahi mpaka nikaipapasa ile redio, maana ilitoka kiwandani kwetu. Furaha ilikwisha nilipofungua mfuniko wa nyuma. Betri zilikuwa zimevuja, uchafu wake umekula njia za shaba na mguu wa transista moja. Mama yake alikuwa amezianika juu ya bati ili zipate nguvu, kama tulivyofanya sote wakati ule, akazirudisha ndani. Betri za zamani zilivumilia mambo hayo. Hizi mpya za bei rahisi zilivimba na kutoa maji. Nikaanza kumpa somo refu kuhusu kuanika betri. Aliniacha nimalize, ndipo akanieleza.

Kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama yao, alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu Kanda ya Ziwa. Shimo likamfunika. Wenzake hawakuwa na uwezo wa kumsafirisha, wakamzika huko huko, kisha wakafanya kilichokuwa kikifanywa na kila mtu: wakapeleka tangazo la kifo kwenye redio ya taifa. Jioni liliposomwa, majirani wa Kikwe walilisikia, wakaja kwa mama wakilia. Lakini redio ya mama ilikuwa imenyamaza wiki ile ile. Alidhani msiba ni wa kwao wale majirani. Aliwapokea, akawapa pole, akaenda kuchemsha chai, na alipokuwa akiwamiminia ndipo akauliza nani amefariki.

Walipomwambia, alikataa. Alisema majina yanafanana na watu husikia vibaya, na kwamba habari ya mwanawe angeisikia yeye mwenyewe. Mwili haukuja. Kwenye migomba, wanakozikwa watu wa kwao, hapakuwa na kaburi. Tangu hapo hakuwa amekaa matanga wala kukubali kunyolewa nywele kama wafiwa, na alichosubiri ni redio itengenezwe, kwa sababu aliamini lile tangazo limekwama ndani.

Nilimuuliza binti kama naye aliamini hivyo.

"Najua halimo, mwalimu," alisema. "Niliuliza tu."

Nilijisikia vibaya sana. Nilitoka nje nikijifanya natafuta waya, nikasimama kando ya tangi la maji mpaka macho yakakauka.

Ile kazi aliifanya peke yake. Alikwangua uchafu, akaunganisha njia zilizokatika kwa nyaya nyembamba. Transista ya aina ile haikuwepo tena madukani. Iliyokuwemo kwenye boksi langu ilikuwa ya mwisho. Aliipima kwanza kwa kidole chenye mate, kama nilivyowafundisha. Redio ilipotoa sauti wenzake walimpigia makofi, lakini yeye aliizima upesi, akaniomba nimsindikize nyumbani. Mama yake, alisema, angemsikiliza zaidi mtu aliyekuwa akizitengeneza redio hizo kiwandani.

Tulifika Kikwe Jumamosi jua likianza kupoa. Mama alikuwa ametoa viti nje na kuvaa kanga safi. Alinikaribisha kwa Kiswahili cha taratibu, akaiweka redio juu ya kigoda, akaketi karibu nayo kabisa. Saa ya matangazo ya vifo ilipofika aliinamisha kichwa. Walitajwa watu wa Songea, wa Newala, wa Bukoba, kila mmoja na orodha ndefu ya ndugu wa kupashwa habari. Yalipokwisha, muziki ukaingia. Mama hakunyanyua kichwa. Aliusikiliza ule muziki mpaka ukaisha, halafu akamwambia binti yake maneno kwa Kimeru.

"Anauliza," binti alisema, "ulipoifungua, hukuondoa kitu kilichokuwemo?"

Nilikuwa na majibu mengi laini mdomoni. Nilimtazama mwanafunzi wangu, naye akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie tu, mwalimu."

"Mama," nikasema, "redio haitunzi kitu. Inapitisha tu. Yaliyosemwa siku ile yalipita, hata kama hii ilikuwa imenyamaza."

Binti alianza kutafsiri. Katikati alikwama, akatumia mikono: akainua kibao ambacho hakikuwepo, akaonyesha mfereji uliopita nyuma ya nyumba, kisha akaelekeza kidole chini bondeni, kule maji yanakokwenda zamu ya mtu ikishapita. Nililitambua somo langu, na nilitamani nisingelifundisha kamwe. Mama aliutazama mfereji. Mambo ya maji aliyajua kuliko mimi. Alipogeuka aliongea nami mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Kumbe alitajwa," alisema. "Mimi ndiye sikuwepo."

Alizungusha kitufe mpaka redio ikazimika. Akavua kitambaa kichwani, akakikunja, akakiweka juu ya redio. Kilio chake kilianza chini chini, kisha kikapanda, na majirani wakakisikia ng'ambo ya ua. Walikuja mmoja mmoja, wale wale wa siku ile ya kwanza. Safari hii hakuwauliza nani amefariki.