Redio ya Mama Mkwe na Semina ya Siku Tatu

Mke wangu aliposikia nataka kufunga duka siku tatu niende semina ya mafundi redio Dar es Salaam, aliuliza, "Semina ndiyo nini? Wewe fundi mzima unakwenda kufundishwa na nani?" Nauli iliniuma, wateja wangehamia kwa fundi mwingine, na mimi tangu zamani sipendi kukalishwa kitini nikasemeshwa.

Lakini kulikuwa na redio moja iliyoninyima raha, ya mama mkwe wangu, pale mtaani kwetu Dunda, kando ya bahari. Kipupwe kilipoingia ilianza kukata sauti alfajiri. Nikiichukua, ikifika dukani saa nne inazungumza vizuri kabisa. Nikiirudisha, kesho yake kimya. Asubuhi moja tangazo la kifo cha kaka yake, aliyekuwa akiishi Dar, likampita hivyo hivyo. Jirani alipomletea habari ilikuwa adhuhuri, na maziko hakuyawahi. Hakunilaumu hata kwa neno moja, nami niliona heri angenitukana. Nilitaka kujua ile redio ina nini.

Siku mbili za mwanzo semina ilikuwa ubao na chaki. Mkufunzi alichora mistari, sisi tukanakili. Hakuna aliyeuliza swali, maana mafundi hatupendi kuonyeshana tusichokijua. Nikaanza kuamini kwamba mke wangu alisema kweli.

Siku ya tatu, wakati wa chai, nilikaa na fundi kutoka Lushoto, mcheshi, mdomo wake hauna breki. Akaanza kututania watu wa pwani.

"Nyie kila kitu mafuta ya nazi! Nywele mafuta ya nazi, bawaba ya mlango mafuta ya nazi. Mwaka jana nimeletewa redio kutoka Tanga, mtu kaipaka mpaka ndani ya swichi. Kwetu baridi, yameganda kama sabuni. Umeme upite wapi?"

Meza nzima ikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikaliweka andazi chini. Redio zote za mtaani kwetu nilizipaka mafuta hayo mimi, kuzikinga na kutu ya chumvi, na watu wakinisifu. Kipupwe chetu si baridi ya Lushoto, lakini alfajiri chupa ya mafuta huwa nyeupe, na jua likipanda yanayeyuka. Chupa hiyo niliiona kila mwaka kwenye meza ya mke wangu, nisijiulize. Hadi leo mtu akitaka kujua kama safari ile ilistahili nauli yake, namjibu kwamba ubao haukunifunza kitu, chai ndiyo iliyonifunza.

Niliporudi sikupitia nyumbani. Nilipiga hodi kwa mama mkwe, nikasimama kibarazani nimeinamisha macho, kama impasavyo mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umejifunza?"

"Nimejifunza, mama. Aliyeiharibu redio yako ni mimi."

Nikamweleza yote: mafuta, baridi, na asubuhi ile ya msiba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Na za wenzangu," akauliza, "umezipaka ngapi?"

"Zote, mama."

"Basi usisimame hapa, baba. Huenda kesho asubuhi likasomwa jina la mtu wao."